Ndege wa Rangi ya Vumbi

Kitabu cha majina ya wafanyakazi kilikuwa kimeandikwa kwa mkono wa Naliaka. Ndiyo maana aliusukuma uji kando asubuhi ile ya Februari, mwaka wa hamsini na tatu, lori la serikali lilipopanda kutoka Rongai na kusimama mbele ya stoo ya shamba.

Alikuwa amekiandika mwezi mmoja kabla, karani Micah alipolazwa na malaria. Bwana Harcott alikuja hadi veranda ya nyuma, alikokuwa Naliaka akichuna ndege, akamwambia, "Wewe iko na mkono mzuri. Andika watu yote." Basi watu wakapanga foleni, naye akawaandika mmoja mmoja: jina, kazi, kabila, mahali alipozaliwa. Zamu ya mama yake ilipofika, Naliaka hakuinua hata kichwa. Wangare. Pareto. Mkikuyu. Kabazi.

Angeweza kuandika vingine. Baba yake, Wamalwa, dereva wa trekta, alitoka magharibi, kwa watu ambao wazungu waliwaita Wakavirondo, na mama aliishi katika nyumba ya Wamalwa tangu kabla Naliaka hajazaliwa. Karani yeyote mwenye akili angeandika familia nzima kwa kabila la baba, na hakuna ambaye angeuliza. Lakini Naliaka aliandika jinsi alivyofundishwa kuandika, na aliyemfundisha alikuwa Bwana Harcott mwenyewe, kwa ndege.

Watu wa shamba walimwita Bwana Ndege. Alikuwa na ngano ekari mia nane na maua ya pareto mlimani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kabati moja refu lenye droo ishirini na nne. Ndani yake walilala ndege walao mbegu wa Bonde la Ufa, wote wenye midomo mifupi na minene ya kuvunjia punje, wamechunwa, wamejazwa pamba, kila mmoja na kikadi kimefungwa miguuni. Naliaka aliingia kazi hiyo kupitia ngano. Alipotolewa shule darasa la nne ili amlee mdogo wake, alipewa kazi ya kufukuza ndege shambani, na msichana anayeshinda juu ya jukwaa miaka mitatu akipiga debe huwajua wezi wake. Alimjua chiriku kwa wimbo wake na kwa tago lake, kiota kilicho wazi kama kikombe. Alimjua kwera kwa nyumba anayoifuma kwa majani, yenye paa na mlango. Msichana huyu hakusema sana. Alipoulizwa na Bwana alinyoosha kidole tu na kutaja jina, na hakukosea.

Bwana alimfundisha yaliyobaki. Kuchana ngozi kuanzia kifuani bila kuchafua manyoya. Kufyonza damu kwa unga wa mahindi. Kupaka dawa ya sumu, halafu kunawa hadi kiwiko. Na juu ya yote, kikadi. Kila ndege aandikiwe mahali alipopatikana, siku, na kama ni jike au dume, maana ndege asiye na kikadi, hata awe mzuri vipi, ni takataka.

"Droo naweza badilika," Bwana alizoea kusema. "Kadi, hapana. Kadi ni kweli."

Na droo zilibadilika kweli. Mwaka uliopita barua ilitoka kwenye jumba la makumbusho Uingereza, ikisema shomoro waliolala na chiriku kwa miaka yote ile hawakuwa ndugu wa chiriku. Wataalamu wametazama mifupa ya kinywa, wakaona shomoro ni jamaa ya kwera, wanaofuma. Bwana akasoma na kufikiri wiki tatu, kisha kwa asubuhi moja tu yeye na Naliaka wakawahamisha shomoro wote thelathini. Hakuna aliyelia.

Halafu kulikuwa na fumbwe, yule mwenye mkia mrefu mweusi kuliko mwili wake. Fumbwe hajengi. Jike hutaga katika tago la vindege vidogo vyenye midomo myekundu, na hao humlea kinda wake pamoja na makinda yao. Kinda wa fumbwe ana hata madoa ndani ya kinywa sawasawa na ya watoto wa wenye nyumba. Siku moja Naliaka alileta kinda kutoka tago kama hilo akamwandikia jina la wenye nyumba. Bwana alifungua kinywa cha kinda kwa koleo ndogo, akapima ubawa, akachana kikadi kile vipande vipande.

"Kulala kwa nyumba ya mtu hapana fanya wewe mtoto yake," alisema. "Andika kile iko."

Kwa hiyo Naliaka akaandika kile kilichoko. Aliandika cha kinda, na Januari ile akaandika cha mama yake.

Sasa afisa wa serikali, kijana mweupe mwenye shingo iliyoungua jua, alisimama juu ya boneti akasoma orodha iliyonakiliwa kutoka kitabu kile. Kwa sababu ya vita vya msituni, Wakikuyu wote wa shamba wanarudishwa kwao. Wana nusu saa. Blanketi moja, sufuria moja, chakula cha siku moja. Askari sita wenye bunduki walisambaa hadi kwenye nyumba za kambi, na mara kuku, watoto na vilio vikawa kitu kimoja.

"Wachuka binti Kinyanjui," afisa alisoma. Huyo alikuwa dada mdogo wa mama, mjane, mwenye mdomo uliochekesha kambi nzima. "Wangare binti Kinyanjui."

Mama aligeuka. Aliingia nyumbani akaanza kukunja blanketi.

Naliaka alimkimbilia baba yake, aliyekuwa amelala chini ya trekta akikaza nati ambayo haikuwa imelegea.

"Baba, nenda kwa Bwana. Mwambie ni mke wako."

"Anajua ni mke wangu."

"Basi mkumbushe!"

"Naliaka, punguza sauti. Nikienda, tutafukuzwa wote. Wewe, mimi, na mdogo wako. Tutakwenda wapi?" Hakutoa kichwa chini ya trekta. "Hii itapita. Watamrudisha."

"Wamemrudisha nani mpaka leo?"

Nati ikaendelea kukazwa. Naliaka alitazama miguu ya baba yake iliyotokeza, viatu vya raba vilivyopasuka, akatamani kuipiga teke. Hakuwahi kufikiri jambo kama hilo maishani mwake. Aligeuka akaenda veranda ya nyuma, akitembea upesi kuliko alivyowahi kutembea kuelekea nyumba ile.

Bwana Harcott alikuwa huko, miwani puani, mbele ya trei kubwa ya mbao. Ndani yake walilala ndege arobaini na mmoja wa wiki ile. Hao ndio barua ya pili ya makumbusho iliomba hasa: majike, na madume waliokwisha pukutika manyoya ya fahari. Wakati wa mvua dume la fumbwe na dume la kwera hujulikana hata na kipofu. Februari wote huwa wa rangi ya vumbi, michirizi ya kahawia mgongoni, na mtu anaweza kuwatazama mchana kutwa asiwatofautishe. Naliaka alikuwa amewachuna kwa siku tatu na kuwapanga kwa mpangilio wake mwenyewe. Vikadi alikuwa aviandike asubuhi ile, kisha sanduku liende na treni ya Jumamosi.

"Ah, Naliaka. Kelele mingi sana huko," alisema Bwana. "Kaa. Anza kuandika."

"Bwana, wamemwita mama."

"Najua. Pole." Alisema kama mtu anayesikitikia mvua. "Ni amri ya serikali."

"Bwana ni mmoja wa wazungu waliokaa na serikali kule Nakuru kupanga. Unaweza kusema abaki."

"Kitabu nasema Kikuyu."

"Mimi ndiye niliyeandika kitabu."

"Ndiyo. Na wewe naandika kweli." Akamtazama juu ya miwani, karibu kwa upole. "Wewe najua, Naliaka. Kadi hapana badilisha."

Hapo ndipo kitu kilipowaka kifuani mwake. Maneno ambayo miaka yote hayakutoka, yalitoka sasa, tena kwa mpangilio.

"Sisemi kadi ibadilishwe, Bwana. Kadi inasema Kabazi, na ni kweli. Nasema droo. Shomoro walilala na chiriku miaka mingapi? Ukatazama vinywa vyao, ukasoma, ukafikiri wiki tatu, halafu ukawahamisha, na kila shomoro akabaki na kikadi chake. Mama amekaa na watu wa baba miaka ishirini. Watoto wake ni wa huko. Mtazame na yeye. Mtazame hata siku moja, vile unavyomtazama ndege!"

Bwana Harcott akavua miwani. Uso ulimwiva.

"Hiyo ni ndege," alisema. "Hii ni mambo ya watu. Hapana sumbua mimi. Andika kadi."

Ndege, wiki tatu. Mama yake, nusu saa. Naliaka alitazama trei, akaishika kwa mikono miwili, akawamimina wote mezani.

Hakuwatupa. Hata kwa hasira ile vidole vyake vilichunga mikia isivunjike. Lakini aliwachanganya, akawageuza na kuwageuza tena kama mtu anayechagua maharagwe, hadi mpangilio wote ukafa. Meza nzima ikawa vumbi tupu lenye midomo.

"Mungu wangu!" Bwana alisema, kisha akasema kwa Kiingereza mambo ambayo Naliaka hakuhitaji kuyaelewa. "Wewe nafanya nini? Iko nani? Hii iko nani?"

"Sijui."

"Wewe najua! Wewe nachuna hii yote!"

"Nilikuwa najua. Nimesahau." Mkono wa Bwana uliinuka, na Naliaka akauona ukiinuka, akabaki pale pale. "Nipige, Bwana. Labda ndiyo nitakumbuka. Mama akishuka kwenye lori nitakumbuka wote, jike na dume, Kabazi na Rongai. Lori likiondoka naye, watupie paka."

Yule mzee alizitazama zile ngozi arobaini na moja, akamwokota mmoja, akamgeuza tumbo, akamgeuza mgongo, na Naliaka akaona machoni pake kwamba hakujua amemshika nani. Mkono ukashuka. Ukavuta karatasi. Kalamu ikakwaruza mistari miwili na sahihi, naye akamrushia barua bila kumtazama.

"Peleka. Halafu rudi hapa upesi."

Naliaka alikimbia. Lori lilikuwa limejaa. Mama alikaa ukingoni na blanketi mapajani, na mama mdogo, tata Wachuka, ubavuni mwake akiwa ameikumbatia sufuria.

"Tazameni, mke wa mtu analetewa barua," Wachuka aliita. "Ni ya mapenzi?"

Watu wawili watatu walicheka, kicheko cha watu waliokwisha choka kulia. Afisa aliisoma barua, akakunja uso, kisha akaisoma tena kwa Kiswahili, kwa sauti, ili askari wote wasikie.

"Huyu mama Wangare hapana Kikuyu. Iko Mkavirondo. Karani alikosea. Abaki." Akainua macho. "Wewe! Shuka."

Lori lote likageuka kumtazama mama.

Naliaka alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Hakuwa ameomba hivyo. Alikuwa ameomba droo, na Bwana alikuwa amebadilisha kikadi. Kwa kinda wa ndege mkubwa kama kidole gumba, mtu yule asingeandika neno moja la uongo. Kwa mama yake aliandika mistari miwili, bila hata kuchovya kalamu mara ya pili.

"Shuka, nimesema!"

Mama hakusogea. Alimtazama dada yake. Wachuka alitazama mbele, kwenye kibanda cha dereva, na alipofungua mdomo sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Shuka basi. Si umepewa watu wengine?"

Askari alimshika mama mkono akamteremsha. Blanketi lilimfuata likiburuta vumbini. Lori likaunguruma, likageuka, na watu ishirini na watatu waliokuwa wamepalilia pareto ile tangu ilipopandwa wakaondoka bila mtu wa kuwapungia mkono, kwa sababu waliobaki waliogopa kuonekana wakipunga.

"Ile barua," mama alisema lori lilipopotea. "Nani aliiomba?"

"Mimi."

"Uliomba iseme hivyo?"

"Hapana, mama. Niliomba ubaki. Hayo mengine aliandika yeye." Kisha, kwa sababu asingeweza kulala na jambo lile, "Na kitabu cha Januari ni mimi. Ni mimi niliyeandika Mkikuyu. Ndiyo maana wakakuita."

"Najua ni wewe. Nilikuwa nimesimama mbele yako."

"Hukunizuia."

"Nikuzuie kuandika nilikozaliwa?" Macho ya mama yalikuwa makavu na makali. "Hilo halikunikasirisha, Naliaka. Kilichonikasirisha ni kushushwa kwenye lori mbele ya mtoto wa mama yangu kwa kuambiwa simjui."

Alilikung'uta blanketi, akaliweka begani, akashika barabara ya Rongai. Ni maili nne. Kutoka veranda Bwana alipaza sauti, "Naliaka! Ndege!" Naliaka alisikia vizuri sana. Aliipita nyumba ile bila kugeuza shingo, akamfuata mama yake.

Stesheni ya Rongai ilizungushiwa waya, na nyuma ya waya watu wa mashamba yote ya karibu walikaa chini kwenye changarawe wakingojea mabehewa. Mama alitembea kando ya waya hadi akamwona Wachuka.

"Nimekuletea blanketi. La kwako ni jepesi."

Wachuka hakuinuka. "Asante, mama Mkavirondo."

"Wachuka."

"Nimesema asante. Kwenu huko mnasemaje? Nifundishe."

"Wachuka, nitapanda. Nitamwita yule afisa nimwambie barua ni ya uongo. Mimi ni Wangare wa Kinyanjui, wa Kabazi, na akitaka nitamtajia mpaka babu zetu. Nikae huku na jina gani?"

Alikuwa ameshageuka kumtafuta afisa, tena mdomo u wazi, na Naliaka akamshika nguo kwa nyuma. Ndipo Wachuka alipoinuka. Alikuja kwenye waya kwa hasira, akapitisha mkono katikati ya nyuzi, akamkamata dada yake kifua cha gauni.

"Funga mdomo, mjinga wewe! Upande uende wapi? Unajua wanatupeleka wapi? Mimi sijui. Viazi vyangu viko nyuma ya nyumba, vimekomaa, mistari kumi na minne. Nilikuwa nivichimbe wiki hii. Ukipanda humu, kesho Bwana ataachilia ng'ombe wavikanyage. Unataka ng'ombe wa Bwana wale viazi vyangu?"

"Hapana."

"Basi rudi ukavichimbe. Vyote. Hata vidogo. Na ukiulizwa kwa nini unachimba viazi vya Mkikuyu, useme ni vya ndugu yako. Useme hivyo kwa sauti. Barua yao waitie chooni." Alimwachia, akavuta blanketi kupitia waya, likashika na kuchanika kidogo. Akalijifunga. Kisha akamtazama Naliaka. "Na wewe, bubu. Nimesikia leo umepiga kelele mpaka wazungu wakaandika."

"Ndiyo, tata."

"Ulichelewa sana kuanza," alisema, akarudi kukaa kwenye changarawe, akawapa mgongo. Alijifunika blanketi hadi kichwani, na hakugeuka tena.

Jua lilikuwa limeanza kupinda waliporudi. Mama hakuingia nyumbani, hakunywa hata maji. Alichukua majembe mawili, moja akampa Naliaka, wakaanza mstari wa kwanza. Alichimba kwa nguvu kiasi kwamba udongo uliruka hadi kwenye ukuta wa nyumba tupu ya Wachuka. Walikuwa mstari wa tano Micah karani alipotokea, koti limemlegea kwa malaria.

"Naliaka, Bwana anakuita tangu asubuhi. Ameshinda na wale ndege, amekasirika kabisa. Anasema ulimwahidi."

Naliaka alisimama na jembe. Alikuwa ameahidi, ni kweli, na ndege wote arobaini na mmoja walikuwa bado kichwani mwake, kila mmoja na mahali pake. Alijua pia kwamba angeweza kwenda akawataja kwa nusu saa.

"Na yeye aliniahidi," alisema. "Miaka yote ile aliniambia kadi ni kweli."

"Mimi sielewi mambo ya kadi. Anasema usipokuja sasa hivi, kesho ataandika barua nyingine. Ya kusema ile ya leo ilikuwa makosa." Micah alimtazama mama, akatazama chini. "Mama Naliaka, mwambie aende. Si ndege tu?"

Mama hakuacha kuchimba.

"Na aandike," alisema. "Akishajua mimi ni nani, anijulishe na mimi. Hapa tuko kwenye viazi vya ndugu yangu, na bado mistari tisa." Alimsukumia gunia kwa mguu. "Shika hapo mdomoni, Micah, lisianguke."

Micah alitazama nyuma, kuelekea nyumba kubwa, akatazama gunia. Kisha akainama akalishika mdomo, na Naliaka akaanza kutia viazi.